Chupa za Santo

Koboko, Jumapili

Kaka Santo,

Huko Australia hujambo? Sisi tupo. Simsim shambani imekubali mwaka huu, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Juzi nilimpeleka Mama hospitali ya Arua, kuwekewa dripu ya tatu ya kansa. Daktari akamuuliza, "Mama, iko dawa ingine unakunywa?" Mama akasema hakuna. Mimi nikatoa kikapuni chupa zako, zile za vidonge vya vitamini. Daktari akasoma maandishi yote, akasema dozi kubwa namna hii inaweza kuulinda hata uvimbe wenyewe, dripu ikashindwa kazi. Tuviache mpaka matibabu yaishe.

Njiani nikamgombeza Mama: kwa nini ulimficha daktari? Akanishangaa.

"Mimi sikuficha. Ile si dawa. Ile ni Santo."

Bado anameza, Kaka. Mimi hanisikii. Nikiziondoa chupa analia kama nimekuzika. Mpigie simu, umkataze wewe mwenyewe. Au panda ndege uje. Chupa zimefika hapa mara tano, wewe hata mara moja.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki naye,
Patience