Maua Mavivu

Jumatatu, 3 Machi

Boga langu limefika ukutani! Mche mmoja tu, umetambaa kutoka kwenye shimo la mbolea mpaka chini ya kamba ya nguo. Majani kama sinia. Nimemwonyesha mwanangu. Akasema mazuri, Baba, lakini majani hayashikilii mtu asianguke. Bado ana lile la mwaka jana, nilipoteleza kwenye tope nikakaa chini kama gunia. Kuteleza mara moja kumekuwa historia ya ukoo!

Yeye na mumewe wanataka kumwaga zege nyuma ya nyumba yote. Zege! Gari lipate pa kulala na mimi nipate pa kutembelea na fimbo. Nyumba nimeijenga mimi. Wao wamehamia tu kunitunza, tangu mke wangu afariki. Basi tumekubaliana: boga moja likishika kabla mwezi haujaisha, kona ile inabaki yangu. Lisiposhika, fundi aingie, na mimi jembe naliweka chini. Nimeapa mbele ya mkwe. Moyoni nimecheka. Miaka yote hiyo maboga ya nyumba hii kayalima nani? Mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Maua! Manjano, makubwa, yamesimama kama askari. Nimeyachunguza. Mengi hayana kitu nyuma yake, kikonyo tu. Machache yana kiboga kidogo, kama gololi. Sasa mimi si mtoto. Ua lisilobeba ni la nini? Linakula mbolea bure, kama mjomba aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Nimeyakata yote mavivu. Yamebaki yenye kazi.

Mkwe akauliza, Baba, mbona unakata maua? Nikamwambia wewe endesha gari.

Jumapili, 9 Machi

Nimekata mengine. Kila siku nikishamaliza chai napita na kisu. Nidhamu!

Jogoo wa Kidevu ameruka ukuta tena. Kidevu ni jirani yangu, mama mtu mzima, nimempa jina hilo kwa sababu akiwa na neno anakipandisha kidevu juu ya ukuta kama bakuli kwenye rafu. Nilimtupia jogoo ndala. Ikamkosa, ikaangukia kwao. Nikasema lete ndala yangu. Akasema njoo uifuate kwa adabu. Siendi! Natembea na moja yangu na moja ya marehemu mke wangu. Ya kwake ndogo, kisigino kinaburuza chini. Haidhuru.

Ijumaa, 14 Machi

Kiboga cha kwanza kimegeuka njano, kimedondoka. Si neno. Cha kwanza ni cha ndege.

Jumatatu, 17 Machi

Cha pili. Cha tatu. Nikigusa tu vinabaki mkononi, laini kama ndizi iliyooza. Nimeongeza mbolea. Nimeongeza maji. Nimeusema mche kwa sauti kubwa. Mwanangu alisikia, akaniambia pole, Baba. Sikutaka pole. Pole ni ya mgonjwa.

Jumatano, 19 Machi

Fundi alikuja kupima. Mtu wa heshima, alivua kofia. Lakini kigingi kimoja akakipigilia karibu kabisa na mche. Alipoingia ndani kunywa maji nikakisogeza. Akarudi, akakiangalia, akaniangalia. Akasema, Mzee, vigingi vya hapa vinatembea? Nikasema ardhi hii ina nguvu.

Ijumaa, 21 Machi

Kidevu kimepanda. Akauliza, maua dume yako wapi? Nikasema dume gani? Yale mavivu nimeyakata. Alicheka mpaka akatoweka, nikamsikia kule upande wa pili anapiga ukuta kwa kiganja. Kisha akarudi anafuta macho. Shemeji, akasema, umewafukuza waume wote halafu unashangaa wake hawazai? Na nyuki waje kufuata nini, duka umeshalifunga!

Nikamwambia nimelima maboga kabla yeye hajajua kushika jembe.

Akasema, kulima umelima. Lakini alfajiri nani alikuwa anaingia humo?

Niliingia ndani.

Mke wangu. Alfajiri kabla ya chai, upindo wa gauni umelowa umande. Nilikuwa namuuliza, unatafuta nini humo? Anasema, nayaamkia maua. Nami nikawatangazia watu: mke wangu anaamkia maua, mimi haniamkii! Tukacheka, naye akacheka. Mimi nikachimba, nikamwagilia, nikapokea sifa. Kumbe ile salamu ilikuwa na kazi ndani yake.

Hakuniambia. Au aliniambia, nikawa naongea.

Jumamosi, 22 Machi

Kisu nimekirudisha jikoni. Lakini madume mapya bado vitumba, kama punje za mahindi. Hayatawahi. Na jike limebaki moja tu, pale chini ya kamba ya nguo. Limevimba. Kesho au keshokutwa litafunguka, na likishafunguka ni asubuhi moja tu, basi.

Dume lililo tayari liko upande wa pili wa ukuta.

Siendi kumwomba.

Jumapili, 23 Machi

Halijafunguka. Siendi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda.

Kumeanza kupambazuka tu, ndala mbili zisizofanana. Nikabisha hodi. Kidevu akafungua, akaitazama miguu yangu kwanza. Nikasema nimefuata ndala. Akasema, ndala tu? Nikakohoa. Nikasema, na ua moja. Dume. Akasema, kwa adabu? — Kwa adabu, shemeji. Meno yaliniuma!

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Maboga yake yamelala kila mahali kama wageni wa harusi. Akasema, mbegu hizi ni za mkeo, alinipa kwenye kikombe, na kunifundisha alinifundisha hapa hapa nilipokusimamisha wewe. Unachuma dume lililofunguka. Unalivua yale manjano, kama unavyomvua mtoto shati. Kinabaki kijiti chenye unga. Unampaka jike katikati, polepole, pande zote. Kisha unamfunga mdomo kwa uzi, mvua isiingie. Akanipa madume mawili, la pili la akiba. Na ndala. Nilipofika mlangoni akaniambia, usisahau kumwamkia.

Nikarudi mbio. Mbio za umri wangu, lakini mbio. Limefunguka! Nikalivua dume yale manjano. Nikapaka. Nikafunga kwa uzi mwekundu kutoka kwenye kopo la ushonaji la marehemu. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu. Nikasema, umeamkaje.

Iandikwe hapa: nimepaka vizuri kuliko mtu yeyote mtaa huu.

Alhamisi, 27 Machi

Ua limenyauka, ndivyo linavyotakiwa. Kiboga bado kijani. Sikigusi.

Nimekigusa kidogo. Kigumu! Nimekifunika kwa kofia yangu, jogoo asikione.

Jumamosi, 29 Machi

Fundi ameingia leo! Mchanga umemwagwa getini, toroli linalia kama paka. Mwanangu anasema wiki ijayo fundi ana kazi kwingine, kwa hiyo kawahi. Nikasema mwezi haujaisha. Akasema, Baba, zimebaki siku mbili. Nikasema siku mbili ni siku, kamuulize mfungwa.

Nikaondoa kofia nikawaonyesha. Sasa ni kama yai la kuku. Mkwe akainama, tai inaning'inia, akasema mbona dogo, si litadondoka kama wenzake? Nikasema haya, lidondoshe wewe! Akarudisha mkono mfukoni.

Mwanangu akachuchumaa. Hajachuchumaa kwenye udongo huu tangu tulipomaliza msiba. Akaugusa uzi. Mama alikuwa anafunga hivi hivi, akasema. Nilidhani hujui, Baba.

Nikasema mimi najua kila kitu.

Akapangusa magoti, akaingia ndani, mumewe nyuma yake. Wako jikoni wanasemezana. Naona midomo dirishani, sauti sisikii.

Nimeleta kiti. Nimekiweka kati ya toroli na boga, na nimekaa. Naandikia magotini. Leo ndala zote mbili ni zangu. Kidevu kipo juu ya ukuta, kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wale wa jikoni bado hawajatoka. Fundi kashika toroli limejaa, jasho linamtoka, anasema zege halingoji, Mzee. Nimwage wapi?

Nimemwonyesha kwa kalamu, upande wa getini, mbali na boga. Anzia kule, nimemwambia. Na uje polepole.