Kwa Zena, Mke Mwenzangu Aliyemfundisha Mbwa Kutoka Nje

Mke mwenzangu mpendwa,

Nimejifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la kisomo, nikiwa tayari nina wajukuu. Siku moja mwalimu alituambia kila mmoja amwandikie barua mtu anayemkumbuka. Wenzangu waliwaandikia watoto wao walio mbali. Mimi nilikaa na kalamu mpaka wote wakamaliza, nikarudisha karatasi tupu. Niliyemkumbuka ulikuwa wewe, na sikutaka mwalimu asome. Leo naandika nyumbani, hakuna wa kunisahihisha.

Unaikumbuka jioni ile mume wetu alipoingia na kikapu kilichofunikwa kwa gunia. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na yeye alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja msimamizi wa barabara, kule bomani Singida. Kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu hapa kwetu Unyambwa. Akaweka kikapu chini, gunia likacheza, akatoka mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, masikio yamemwangukia machoni. Mzungu alikuwa anakwenda kwao likizo ya miezi minne, na aliyekuja kukaa nyumbani mwake hakupenda mbwa.

"Akirudi amkute anajua kwenda nje," mume wetu alisema. "Hataki mbwa wa kukojoa ndani. Ameniambia mimi, si mtu mwingine."

Mama mkwe wetu alikuwa anapepeta uwele. Akauliza taratibu kabisa, "Ndama wanakojoa humu humu tangu nimeolewa. Mkojo wa huyu una nini?"

Ulicheka ukaziba mdomo kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa na watoto sita, wa mwisho Hadija hajatimiza miaka miwili, na mkwe, na kuku, na ndama, na wageni wasiokwisha. Tena nyumba yetu ilikuwa ya kuswali, na mbwa akigusa chombo kwa ulimi lazima kioshwe mara saba. Kila mtu alinitazama mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikasema, "Mpeni Zena. Mgongo wake ndio mtupu."

Ulikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa bila mtoto. Hakuna aliyekosa kuelewa. Mume wetu aliangalia chini. Wewe ulisema tu, "Haya, dada," ukainama ukamwokota.

Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa haikaliki. Tomi, watoto walimpa jina hilo, alikojoa jikoni, akakojoa kwenye ngozi ya kulalia ya mama mkwe, akaharibu ungo mzima wa unga. Na kila ulipogeuka kulikuwa na mtoto wangu mmoja anampa tonge. Mlango ulifunguliwa na kufungwa siku nzima, mbwa akitolewa na huyu akirudishwa na yule. Mume wetu alikuambia umpige, umsugue pua kwenye uchafu wake.

"Hajajua bado, baba," ulimjibu. "Nikimpiga atatafuta tu mahali tusipopaona."

Ukawaita watoto wangu wote, ukawakalisha. Ukawaambia mbwa atakula mara tatu, na atakayempa chakula wakati mwingine aje akuambie, hutamgombeza. Niliwasikiliza nikiwa nyuma ya ukuta, nikijua hawatatii, maana mimi mwenyewe hawakunitii. Kesho yake nikawasikia wakikimbilia kwako, "Mama mdogo, Tomi amekula. Mama mdogo, Tomi amekunywa maziwa." Na wewe unaacha unachofanya, unambeba mpaka kwenye ua wa minyaa, mahali pale pale, unasimama. Ulikuwa na neno moja, "Nje," na sauti yake ilikuwa moja kila siku. Akimaliza unamkuna kichwa. Akiharibu ndani unamwaga majivu, unazoa, unaosha, hunung'uniki. Ulisema ukimtazama vizuri utamwona akianza kunusa chini na kuzunguka, na hapo ndipo pa kumbeba.

Kulipokuwa bado kuna giza la alfajiri nilikuwa nakusikia ukitoka naye, upepo wa kipupwe unapiga. Mimi nilijifunika vizuri.

Halafu Hadija akaanza kukufuata. Alikuwa bado ananilowesha kila usiku, na mchana anajisaidia alipokaa. Ulipomtoa mbwa, naye akasimama mlangoni analia. Ukamchukua mkono, ukawapeleka wote wawili. Mbwa kwenye minyaa, Hadija hatua chache pembeni, na wewe katikati, umegeuza uso ili mtoto asione haya. Haukupita mwezi Hadija akaacha kujilowesha. Watoto watano nilikuwa nimewalea kwa fimbo na kelele, na huyu alifundishwa kwa neno moja pamoja na mbwa.

Ningekushukuru. Najua leo kwamba hilo ndilo lililobaki kufanywa, tena lilikuwa jambo dogo. Lakini asubuhi moja Hadija alijikwaa kwenye jiwe la kusagia, midomo ikajaa damu. Nilikuwa karibu nikanyoosha mikono. Akanipita. Alikukimbilia wewe akisema, "Mama." Wenzake walikuita mama mdogo, yeye aliliacha hilo "mdogo". Uliona uso wangu. Ulimleta kwangu haraka, ukamweka mapajani mwangu, naye akajinyoosha kurudi kwako.

Tangu siku hiyo niliacha kukuitikia vizuri. Ulinisalimia, "Shikamoo dada," nikaitika huku nimegeuka.

Sasa nakuandikia habari ya Ijumaa ile. Nyingine zote unazijua, na nadhani hii nayo uliijua, ila hukuisikia kutoka kinywani mwangu.

Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka. Uliondoka mapema kwenda kile cha nyuma ya mawe makubwa, mama mkwe alikwenda msibani, watoto wakubwa walikuwa machungani. Nilibaki mimi na Hadija aliyelala. Nilifunga mlango kwa ajili ya vumbi. Nilikuwa nasaga, Tomi akaja mlangoni akakwaruza. Nilimsikia. Akakwaruza tena, akalia kidogo, akanitazama. Niliendelea kusaga. Akanijia, akavuta ncha ya kanga yangu kwa meno, akarudi mlangoni. Zena, mbwa yule alikuwa ameshajua. Alikuwa ananiomba kama mtu. Nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, nikasaga kwa nguvu zaidi ili nisimsikie. Alijizuia muda mrefu sana. Mwisho alikwenda pembeni, kwenye msala wa mume wetu uliokuwa umekunjwa ukutani, akamaliza hapo. Kisha akaingia nyuma ya kihenge akajibanza.

Ningeweza kuufua kabla hajarudi mtu. Niliuacha pale pale.

Mume wetu alikuja kabla ya adhuhuri kuchukua kanzu na msala aende msikitini. Mzungu alikuwa anarudi wiki iliyofuata, na yeye siku hizo alikuwa hapati usingizi kwa hofu ya kazi yake. Aliukunjua, akautupa chini. Nikasema, "Ni mbwa wa Zena. Hajajifunza kitu. Ukiondoka asubuhi huwa anamsahau."

Ulitokea mlangoni wakati huo huo, debe kichwani, maji yanakutiririka usoni.

"Kazi moja tu nimekupa ndani ya nyumba hii," alikuambia. "Hata hii, Zena?"

Neno lile "hata" lilijaa nyumba nzima. Nadhani yeye mwenyewe alilisikia baada ya kulisema, maana aligeuka akatoka bila msala. Ulitua debe. Tomi akatoka nyuma ya kihenge, akaja kwako anatambaa kwa tumbo. Ulichuchumaa kumshika, ukauona mlango, pale chini, mbao imechimbwa kwa kucha, alama bado mpya. Ulipitisha vidole juu yake. Kisha ukaniangalia. Mikono yangu ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, ukajua nilikuwepo.

Nilingojea useme, na nilikuwa nimeshaandaa la kujibu. Ulichukua msala, ukaufua mara saba, mara moja kwa udongo, kama ilivyo. Debe lote ulilolileta kutoka nyuma ya mawe liliishia hapo. Jioni hapakuwa na maji ya ugali, ukachukua debe ukarudi kisimani, Hadija anakulilia.

Mzungu aliporudi, ulimwogesha Tomi, ukamweka kwenye kikapu kile kile. Mume wetu alirudi usiku huo amevaa koti alilopewa. Alitusimulia tukila kwamba mbwa alikwenda mwenyewe mlangoni mbele ya wageni, akakwaruza, akafunguliwa, akatoka, akarudi, na Mzungu akampa yeye mkono. Alisimulia mara mbili. Hakukutaja. Uliendelea kumlisha Hadija.

Kesho yake uliomba ruhusa ukamsalimie mama yako Iguguno. Ulifunga kanga mbili tu. Pale nje uliniambia, "Dada, Hadija haombi kwa mdomo. Ukimwona ameshika nguo yake na macho yanazunguka, mtoe." Nikasema, "Nimesikia." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kati yetu, mimi na wewe.

Hadija alilia siku nyingi. Akaanza tena kulowesha mkeka. Nilimtazama nisione hicho ulichoniambia, na nilipokuwa nakiona nilikuwa nimechelewa. Siku moja nilimpiga kwa hilo, kisha nikakaa naye chini tukalia wote.

Miezi miwili ilipita, mume wetu akatuma mtu. Jibu lilikuja kwamba hurudi. Jioni hiyo akaniuliza, "Kwani humu ndani alikosewa nini?" Palikuwa pametulia, hakuna mtoto aliyekuwa karibu. Ningesema. Nilisema sijui. Akakuandikia talaka.

Nilikuja Iguguno, Zena. Nilichelewa, lakini nilikuja. Hadija alikuwa ameshaanza shule. Nilipanda lori la mizigo naye, nimebeba kuku na unga wa uwele, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukuambia. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa. Nilimkuta mama yako anaanika mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Natoka Unyambwa. Namtafuta Zena. Mimi ni mke mwenzake."

Aliweka ungo chini. Akaniambia umeondoka mvua iliyopita, homa ya siku nne. Hukuolewa tena. Nilisimama na kuku wangu mkononi, sijui nimweke wapi.

Nilitegemea atanifukuza. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akaninawisha kama mgeni wa heshima. Akasema, "Alikusema vizuri sana. Alisema wanawake wengine humficha mtoto wao asiguswe na asiyezaa, lakini wewe ulimpa wako amlee." Kisha akamwita Hadija, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu. "Ndiye huyu? Zena alimuuliza kila aliyepita hapa akitokea Singida kama mtoto amekua."

Nilikula chakula cha mama yako. Nililala kwenye chumba ulichokuwa unalala. Asubuhi alinionyesha kaburi, nikaomba dua, nikaondoka. Sikumwambia. Nilijiambia naogopa kumuumiza mzee, na huenda ni kweli kidogo, lakini zaidi nilitaka aendelee kunitazama vile. Naye ameshafariki. Mume wetu ameshafariki, na mama mkwe kabla yake.

Mwezi uliopita nilimwambia Hadija. Yeye sasa ana watoto wake wanne. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Mimi simkumbuki hata sura, mama." Halafu baadaye kidogo, "Alikuwa anafananaje?"

Nikaanza kumweleza. Nikasema ulikuwa mwembamba, ulikuwa unaziba mdomo ukicheka. Nikataka kumwambia sauti yako, nikaigiza, ikatoka sauti yangu. Nilipojaribu mara ya pili nilishindwa kabisa, na Hadija akaacha nguo akanishika bega, ananibembeleza mimi, mimi niliyempokonya wewe.

Kwa hiyo naandika. Watoto wakubwa wanakukumbuka kitoto tu; mtu mzima aliyekula nawe sahani moja nimebaki mimi. Ukitajwa, ni mimi tu ninayekujua vizuri, na ni mimi niliyekuondoa. Siwezi kukuomba msamaha ukaitika, nami sistahili uitike upesi. Nilitaka tu usikie kwa mdomo wangu kwamba hukushindwa kazi yako. Uliimaliza, kwa mbwa na kwa mwanangu. Mungu akulaze pema, mdogo wangu.

Ni mimi, mke mwenzako, uliyeniita dada