Waliitwa Wakiwa Wazima

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta kwenye cherehani yako na mgongo umekupa nafasi. Mimi mzima, bado napiga pasi mashuka ya hoteli kutwa, mikono imekuwa mikavu kama gunzi.

Nina habari, usishtuke. Kliniki iliyo nyuma ya hoteli inatafuta wanawake wenye afya wajaribu pedi mpya za kufua. Zinashonwa na kiwanda kidogo cha mama mmoja, na zikionekana salama zitagawiwa wasichana shuleni bure. Nimejiandikisha. Mwezi wa kwanza unatumia pedi ulizozoea, kisha unaingia kwenye hizo mpya, na kila mwezi muuguzi anakupima. Tumeambiwa tunaweza kujitoa siku yoyote na hatutaulizwa sababu.

Najua utasema nimejitia kimbelembele tena. Lakini nakumbuka siku niliyovunja ungo, ulivyofunga duka mchana kweupe, wateja wakigonga, ukakaa na mimi mpaka nikaacha kulia. Wangapi wana shangazi wa kuwafungia duka? Kukushukuru kwa mdomo nimeshachoka, nimeona nifanye kitu.

Wako,
Chiriku

19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mgongo upo, tunavumiliana. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Dawa hujaribiwa kwa mgonjwa. Wewe mzima wanakutafutia nini? Jirani muuza mkaa kasema, "Watamharibu mtoto wa watu hao." Nimemfukuza dukani, lakini maneno yake yamenikaa kooni. Muulize daktari wa hiyo kliniki kwa nini anawataka wazima, na uniandikie jibu lake kama alivyolitamka, usinipambie.

Shangazi yako

8 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa sare. Mimi sijambo.

Nimemuuliza. Ni mama mfupi, anavaa miwani mbili, moja machoni nyingine kichwani. Kasema hivi: "Pedi inavaliwa na watu wenye afya, mwezi baada ya mwezi, miaka na miaka. Mgonjwa akiwashwa, sitajua kama ni ugonjwa wake au ni pedi. Wewe ukiwashwa, nitajua pa kuanzia." Kisha akaongeza, "Mwambie shangazi yako ameuliza swali zuri."

Nimepewa zangu. Nyeusi, laini, zimeshonwa vizuri hata wewe usingezitia kasoro.

Chiriku wako

27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Mimi ni mzima, ila si sana.

Mwezi wa kwanza wa pedi hizi nilipata vipele vichache, nikasema ni joto la chumba cha pasi. Mwezi huu mapaja yamechubuka, natembea kama bata. Wenzangu kazini wanacheka, wanadhani ni viatu. Siku ya kupimwa ikifika ngozi imeshakauka, na muuguzi akiniuliza nasema sina tatizo.

Usinigombeze kwanza. Yule mama wa kiwanda hupita kliniki siku zetu, anatumiminia chai kwa mkono wake, anatuita mabinti. Ameuza kiwanja chake afungue kile kiwanda. Wenzangu wote wanazisifu. Mimi nitasimama vipi peke yangu niseme zimenichubua? Namalizia mwezi uliobaki tu.

Chiriku

6 Mei

Chiriku,

Salamu baadaye. Sikiliza.

Nilipoolewa nilitumia chochote nilichopata, matambara, hata sponji ya godoro. Nikaumwa tumbo, nikaona haya kusema. Nilipofikishwa hospitali, wakaniambia sitazaa. Kama ni yale matambara au ni jambo jingine, sijui mpaka leo, maana hakuna mtu aliyewahi kuyachunguza. Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia useme.

Huyo mama ana chai, hao wasichana wana ngozi. Wewe ni mzima, unajua njia ya kliniki, unajua kuandika. Mtoto wa darasa la sita akichubuka atamwambia nani? Usingoje mwezi mwingine. Zivue, nenda.

Shangazi yako

11 Juni

Chiriku,

Hujambo? Umenyamaza. Kama nilikukera, nikere na wewe, lakini andika. Hata mstari mmoja.

Shangazi

2 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo, na nisamehe. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua mambo yatakavyoishia.

Nilikwenda siku ileile niliyopata barua yako, nayo ilikuwa siku yetu ya kupimwa. Ukumbi ulikuwa umejaa, mama wa kiwanda ana birika mkononi. Nikasimama, sauti ikatoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka: "Zimenichubua!"

Mlinzi wa benki, mwanamke wa miraba minne anayekaa karibu na mlango, akasema, "Na mimi." Akafuata mwalimu wa chekechea. Tukawa watano, Shangazi! Kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mama wa kiwanda akaweka birika chini, akatoka analia. Niliumia. Lakini daktari alinishika bega: "Asante. Hiki ndicho nilichokuitia." Siku hiyohiyo akasimamisha majaribio, akatutibu. Ngozi yangu imepona kabisa.

Juma lililofuata mama yule alirudi na marobota ya kitambaa, akayatua mezani kwa daktari. "Kata popote. Tafuta." Walipopima wakakuta ni rangi nyeusi. Sasa anashona kwa kitambaa kisichotiwa rangi. Akaja kunishika mkono, akaniambia, "Ungenificha, ningewaumiza watoto wa watu huku nawapenda."

Majaribio yameanza upya. Nimejiandikisha tena. Usinipige.

Asante kwa kuniambia lililokupata. Najua halikutoka kirahisi.

Chiriku wako

15 Januari

Chiriku wangu,

Hujambo? Mimi nimeamka vizuri leo, hata mgongo umeshangaa.

Pedi zimefika shuleni. Nyeupe, hazina rangi. Ulipoandika kwamba miezi yote imepita na hakuna hata mmoja wenu aliyewashwa, niliimba dukani, muuza mkaa akaja kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Mwalimu mkuu aliniita niwaonyeshe wasichana kuzifua na kuzianika juani. Walicheka wakijificha nyuma ya madaftari. Nikawaacha wacheke. Kisha mmoja, mwembamba, viatu vimemzidi, akanyoosha kidole: "Fundi, nani alizijaribu kwanza akajua haziumizi?"

"Binti yangu," nikasema.

Mwalimu mkuu tumejuana tangu ujana, anajua sina mtoto. Alinitazama. Sikujirekebisha. Nikaendelea kuonyesha namna ya kuanika.

Nakuandikia mapema usije ukalisikia kwa watu. Asante, mwanangu.

Shangazi yako