Mama, Hakuna Aliyekwambia Siku ya Kurudia Dawa

Mpendwa Mama,

Wakili alilisoma daftari lako la kliniki mara tatu. Ukurasa ule wa zahanati ulikotolewa jino aliushika kwenye mwanga wa dirisha, kana kwamba kuna maneno yaliyojificha. Kisha akaniuliza, "Hapa wameandika asimamishe dawa za kuyeyusha damu, ang'olewe jino. Siku ya kuzirudia iko wapi?"

Nikamwambia haipo.

"Basi kesi iko hapo," akasema. "Lakini na wao watakuja na swali lao hapo hapo. Watauliza kwa nini ndugu hamkuuliza."

Mama, wewe uliuliza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Unakumbuka siku tuliyoambiwa moyo wako unapiga bila mpangilio? Daktari wa hospitali alikueleza taratibu kwamba damu inaweza kuganda ndani ya moyo, ikapanda kichwani, ikakuletea kiharusi. Dawa ni za kila siku, na kila mwezi upimwe damu. Akakwambia pia usile kisamvu kingi leo kisha kesho ukakiacha kabisa, kiwe kiasi kile kile, maana majani hupunguza nguvu ya dawa. Ukarudi nyumbani Kakese ukatenga upawa mmoja wa kisamvu, ukakataza mtu yeyote kukuongeza. Mimi nikiwa Nsemulwa, ninakofundisha, nilikupigia kila jioni. "Umemeza?" "Nimemeza, mwana wanje." Hivyo ndivyo ulivyoniita, mwanangu, kwa Kirundi chako, hata mbele ya walimu wenzangu, na mimi nilipokuwa msichana nilikuwa naona aibu.

Hukuwahi kuruka kidonge hata kimoja. Ulikulia kwenye makazi ya wakimbizi, ukapanga foleni ukiwa umeshika mkono wa bibi, ukajifunza mapema kwamba mwenye muhuri habishiwi. Akikwambia kaa, unakaa. Akikwambia njoo wiki ijayo, unakuja wiki ijayo. Hata ulipopata cheti cha uraia uliendelea kuingia ofisini ukiwa umevua viatu. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki.

Kwa hiyo walipokwambia acha dawa, uliacha. Jino likatoka, kidonda kikapona. Ukatembea kutoka Kakese kwenda kuwauliza, ukaambiwa daktari amesafiri. Ukarudi mara ya pili. Binti wa mapokezi akakwambia, "Bibi, subiri daktari arudi." Mama Velonika, jirani yako, alikusindikiza safari zote mbili, na yuko tayari kusimama popote aseme.

Halafu ukanipigia mimi. Nilikuwa darasani, nina rundo la madaftari ya kusahihisha. Ukasema, "Mwana wanje, nizirudie zile dawa au bado?"

Nikakujibu, "Usizirudie bila wao kusema, Mama. Wao ndio wanajua."

Ukasema, "Sawa."

Siku ya kumi baada ya simu ile, Mama Velonika alikukuta umeanguka katikati ya mahindi, mdomo umekwenda upande. Ulikaa wodini siku nne bila kutamka neno, umeshika gauni langu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umekufa. Daktari wa wodi aliponisikiliza akatikisa kichwa. "Angezirudia siku ya pili tu," akasema. "Na kwa jino moja, mara nyingi hata haziachwi."

Mwenye zahanati alikuja msibani. Alitoa gari la kukupeleka makaburini, akakaa mstari wa mbele, akaimba. Baada ya wiki chache mahakama ya mwanzo ikamteua kaka Onesmo kuwa msimamizi wa mirathi yako, na haikupita muda akasaini karatasi kwamba familia haina madai. Nilimkuta ameshasaini.

"Sisi ni watu wa kuja," akaniambia. "Hatuwezi kugombana na wenye mji."

"Mimi nimezaliwa hapa, kaka. Na cheti cha Mama kiko kabatini."

"Hata Mama mwenyewe asingetaka."

Alisema kweli, Mama. Usingetaka. Na hapo nilikukasirikia wewe, ukiwa kaburini, kwa ile "sawa" yako ya maisha yote.

Wakili alinieleza kwamba madai ya fidia yangepita kwa msimamizi, na msimamizi ameshasaini. Njia iliyobaki ni malalamiko kwa wanaosimamia maadili ya watoa huduma za afya. Hayo yeyote anaweza kuyapeleka. "Lakini utaapa," akasema, "na utaeleza yote. Pamoja na ile simu."

Niliapa. Niliandika maneno yangu yale yale kama nilivyoyatamka, nikaweka sahihi chini. Tangu siku hiyo Onesmo hanisalimii. Tukikutana kanisani anapitia mlango mwingine.

Majibu yamekuja. Aliyekung'oa jino amepewa onyo la maandishi. Aya ya mwisho inasema kwamba mgonjwa na ndugu zake nao walichangia kwa kutofuatilia. Mama Velonika aliniomba nimsomee aya hiyo tena. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo mimi na mama yako tulikuwa tunatembea kwenda wapi?"

Jana nilikwenda zahanati ile kwa miguu yangu. Sikujua nakwenda kufanya nini. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi, wazee wengi, kila mmoja na daftari lake mapajani. Ukutani wamebandika tangazo jipya: *Wagonjwa wanaotumia dawa za kuyeyusha damu waulize siku ya kurudia dawa.*

Nililisoma nimesimama. Kisha nikatoa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikakata neno "waulize", nikaandika juu yake "waambiwe".

Binti wa mapokezi akaniangalia. "Mwalimu, hilo tangazo ni la daktari."

"Najua," nikamwambia. "Amekosea."

Hakulibandua. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka nilipohakikisha halibandui, ndipo nikaondoka.

Lala, Mama. Sikuombi unisamehe kwa barua, nitakuja kukuomba pale ulipo, nikishapata ujasiri wa kupiga magoti.

Mimi, kitinda mimba wako.