Kofia Bila Mwenyewe

Maman mpenzi,

Salamu kutoka Bunyakiri. Mvua inanyesha kila mchana, na asubuhi bibi yetu Koko anatupeleka msituni kutafuta uyoga. Tunaenda pamoja, lakini anayeshikwa mkono ni Neema, binamu yangu, binti wa tonton. Anayebeba kikapu pia ni Neema. Maman, nina wivu, na ninakuambia wewe tu.

Juzi niliona uyoga mweupe kwenye kichuguu kabla ya Neema. Niliukata vizuri kwa kisu, nikauosha mtoni, nikampelekea Koko. Neema alicheka mpaka akakaa chini. "Mutoto wa Bukavu! Umetuletea kofia, mwenyewe iko wapi?" Kumbe uyoga huo una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwa mchwa, na Koko anautambua kwa mzizi. "Siwezi kupikia watoto kitu sikijui," akasema, akautupa.

Leo nimechimba mwingine kwa vidole mpaka kucha zikauma. Mzizi umetoka mzima. Koko ameunusa, akasema, "Huu iko muzuri," akauchoma ndani ya jani la ndizi. Kisha akaugawa: nusu yangu, nusu ya Neema. Nusu, Maman! Lakini baada ya kula ametundika kikapu karibu na kitanda changu.

Mungu awalinde hapo nyumbani Nyalukemba, na Papa asisahau kikohozi chake. Nitakukaushia uyoga mmoja pamoja na mzizi wake. Huo Neema hatauonja.

Binti yako,
Aline