Masikio Niliyokutengenezea

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi, maana najua ndiye anayekusomea. Wifi yangu, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiparuke. Hamjambo huko? Mgongo unaendeleaje? Watoto wamepona mafua? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu tangu wiki iliyopita na chakula hakipiti.

Ndani ya bahasha mna kadi ndogo ya kinasa sauti. Msiisikilize kabla hamjamaliza barua, nawasihi.

Nianze na lililo zito. Mama ana uvimbe kooni. Ule ukwaruzo ulioulizia kwenye simu, akakujibu ni vumbi, haukuwa vumbi. Anapasuliwa Jumanne ijayo. Daktari anasema hawezi kujua mpaka afungue, na huenda kikoromeo chote kikatoka, na sauti ikaenda nacho. Mama alinikataza kukuambia hadi mambo yaishe, eti utaacha kazi uje kumtazama, na wewe mwenyewe huoni! Alicheka peke yake kwa mzaha huo. Mimi sikucheka. Mficha maradhi kilio humfichua, na sikutaka wewe uambiwe na kilio. Kama nimekosa, atanigombeza akiweza.

Unakumbuka uliniambia kwamba sauti ya Mama kwenye simu haina mahali pa kukaa? Kwamba hujui kama amesimama mlangoni au ameketi? Neno hilo lilinikaa. Nikasikia kuna watu wanaotengeneza kichwa cha bandia, wakatia vipaza sauti viwili masikioni mwake, na anayesikiliza kwa spika za masikioni husikia kila kitu mahali pake: mbele, nyuma, karibu, mbali. Nikajiambia, kama naweza kumtengenezea mtu meno akatafuna nyama, masikio yatanishinda?

Fundi cherehani wa jirani alinipa kichwa cha sanamu ya dukani, nikakijaza plasta kisitoe mwangwi kama debe. Masikio nilichukua alama ya yangu mwenyewe, kwa ule unga tunaochukulia alama za meno, kisha nikamimina mpira laini. Nusu saa nimelala ubavu, sikio limejaa ujiuji baridi, nikiogopa usije ukaganda huko ndani nikaenda kazini nimeziba. Vipaza sauti ni vidogo kama punje za choroko. Kichwa nikakiweka mezani, mbele ya kiti chako. Mama akakitazama akauliza, "Huyu mpangaji wako anakula nini?"

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Mama alivaa gauni la harusini, akakaa mbele ya kichwa, mikono magotini. "Mwanangu, mimi sijambo. Sisi sote hatujambo. Mungu akubariki." Kisha akanong'ona, "Imeingia?" Ungedhani anasoma taarifa ya habari.

Siku ya pili nikamwomba afanye kazi zake tu. Nilipokuja kusikiliza, Mama aliingia kupitia ukutani, upande wa kabati! Nilikuwa nimekaa uso kwa uso na kichwa, nikaunganisha waya wa kulia kwangu kama wa kulia kwake. Kazini kosa hilo ningemfokea mwanafunzi, maana mgonjwa akikutazama kulia kwake ni kushoto kwako. Nyaya nikazigeuza. Lakini asubuhi nzima ile Mama hakusema neno. Koo lilimuuma. Nilisikia vijiko, bomba na ndala zake tu, na hapo hofu ikanishika hasa, maana siku zilikuwa zinakwisha.

Juzi Jumatatu nikawasha kinasa sauti bila kumwambia, nikatoka kwenda kununua betri. Niliporudi nilimkuta amekikumbatia kichwa, mkasi mkononi. Amekata masikio! Juu amepunguza, chini amechonga, vipande vya mpira vimezagaa mezani. Kaka, nilimfokea. Nilimfokea mama yangu, siku nane kabla ya kisu. Nikamwambia amenimalizia kazi yote na muda hakuna. Alikusanya vipande kiganjani akaenda kuvitupa.

Jioni nikasikiliza, nikitafuta tu kama kuna kilichosalia. Sasa nakuambia utakachosikia, usije ukashtuka.

Utasikia ndala zikitoka jikoni, nyuma yako, zikizunguka kushoto. Kiti kinavutwa. Halafu vidole vyake vitashika sikio lako. Vitalipapasa kote, juu hadi chini. Atasema, "Hili si sikio la mwanangu. La mwanangu limeshikana na shavu. Hili ni la yule mwingine." Mkasi utasikika karibu mno, lakini hautakukata. Atasema, "Tulia. Usitikise kichwa," kama alivyokuwa akikunyoa. Sauti ni ndogo na imekwaruzika, ila ni yake, na safari hii ina mahali pa kukaa.

Mwisho atakuinamia sikio la kulia na kuuliza, "Unanisikia?"

Baada ya hapo ni kimya. Usidhani kadi imekatika, utamsikia anavyopumua. Anasubiri. Nimehesabu mara nyingi: ni sekunde arobaini, hadi mlango unapofunguka na mimi kuanza kufoka.

Jirani yetu nesi anasafiri kesho na bahasha hii, na ameahidi kuwafikishia Jumamosi. Nahofia gari kuharibika, nahofia kadi kupotea, nahofia kila kitu. Lakini ikikufika, Kaka, usinipigie mimi. Mpigie Mama kabla ya Jumanne, umjibu.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie shangazi anamkumbuka kila siku. Wifi, ahsante kwa macho yako. Mungu awafunike kwa rehema zake, na amshike daktari mkono.

Mimi mdogo wako,
nikupendaye sana.