Wewe Ndiye Uliyemwosha

Awendo, 12 Agosti 1998

Mama Mdogo Teresa,

Huku miwa imeanza kukatwa, na wote ni wazima isipokuwa mimi.

Eksirei ya titi langu haikuonyesha vizuri. Daktari wa Nairobi akaniuliza kama mama yangu aliugua saratani ya titi, kwani kama ndivyo angenipeleka kwenye mashine ya sumaku, inayopiga picha za ndani kwa uwazi zaidi. Nikamjibu ulivyonifundisha: mama aliuawa na chira, laana ya kuvunja mwiko. Akaandika "hakuna", akanirudisha nyumbani.

Jana Baba alikiri kwamba titi la mama lilikuwa kidonda kitupu. Na wewe ndiye uliyemwosha! Miaka kumi unamsingizia dada yako kwa sababu unaona haya kutaja titi?

Jumatatu narudi kwa daktari na ukweli. Nawe, kabla hujanijibu kwa hasira, jipapase matiti. Mlitoka tumbo moja.

Mwanao uliyemlea,
Linet